Friji linaimba G

MWAJUMA: Inarekodi? Haya. Karibuni jamani kwenye kipindi chetu cha muziki wa anga, ule wa sauti ndefu za taratibu, leo tuko kwa Beka, Tandika, chumba kilekile, pazia lilelile, na kabla sijasalimia mtu naomba niulize. Beka, hilo friji unalizima au hulizimi?

BEKA: Silizimi dada.

MWAJUMA: Hata kwa ajili ya kipindi?

BEKA: Hata kwa ajili ya kipindi. Kuna samaki wa mama mle, af leo lenyewe ndo habari, wasikilizaji wakilisikia kwa mbali wajue ndo hilo.

MWAJUMA: Habari ya leo ilikuwa mambo matatu, nimeyaandika hapa kwenye karatasi. La kwanza, namna ya kutoa ile sauti ndefu laini kwenye sintesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti, kwa kutumia filta inayochuja sauti. La pili, lupu, yaani vipande vya sauti vinavyojirudia, za urefu tofauti. La tatu, mtu mwenye hela ya mashine moja tu aanze na ipi, manake hilo swali mmelituma wengi mno. Friji halimo.

BEKA: Tutafika. Ngoja kwanza niwape kilichonikuta Jumanne.

MWAJUMA: Haya, tupe.

BEKA: Jumanne saa nane usiku, nyumba nzima imelala, nimekaa na Minilogue, sintesaiza ile ya Korg inayotoa noti 4 kwa mpigo. Nimeweka osileta zote mbili, zile zinazozalisha sauti, wimbi la msumeno, filta nimeifunga karibu yote, noti nikibonyeza inaingia polepole inachukua kama sekunde 5 mpaka ifike juu, af nyuma kuna ile dilei yake, mwangwi unaojirudia, inayochafuka vizuri. Spika sauti ya chini kabisa, rekoda iko katikati ya chumba kwenye stuli, manake mnajua mi napenda kurekodi chumba, siyo waya. Nikashika G ya chini nikaiacha. Nikaanza kusikia inatetema. Wuo, wuo, wuo, mara mbili kila sekunde, taratibu, imetulia kabisa. Na sijawasha LFO, ile ya kutetemesha sauti, wala kitu.

MWAJUMA: Ukadhani mashine imekufa.

BEKA: Moyo ulinipasuka dada! Ile mashine nimeidunduliza mwaka mzima. Nikachomoa chaja ya simu, nikazima taa, nikabadilisha waya wa spika, bado wuo, wuo. Nikapanda noti moja, ikapotea. Nikarudi G, ikarudi. Nikakaa nayo hivyo kama robo saa, af jikoni nikasikia tk! Friji limejizima. Na ile wuo wuo ikafa palepale.

MWAJUMA: Hapa ngoja niwaeleze wasikilizaji, manake ni kitu kizuri kweli hata kama sikubaliani na alichokifanya baadaye. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sumaku iliyo kwenye mota inavutwa mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mota ya friji inavuma mara 100 kwa sekunde. G ya chini aliyoishika yeye ni 98. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana zinagombana, sauti inavimba inasinyaa, na idadi ya kuvimba kwa sekunde ni ile tofauti yao. 100 toa 98.

BEKA: Mbili! Kila sekunde mara mbili. Sasa mi nikafanya hivi, nikasubiri friji liwake tena, nikaanza kuzungusha pichi ya osileta kidogo kidogo kwenda juu, wuo wuo ikawa inachelewa, inachelewa, wuooo, wuoooo, mpaka ikasimama. Tuli! Nikaangalia kioo cha mashine, imeandika 35. Senti 35 juu ya G, yaani kama theluthi ya njia kwenda noti inayofuata. Nikapandisha osileta zote hapo, nikapiga dakika 22 bila kusimama, mimi na friji.

MWAJUMA: Yaani umelifuata friji.

BEKA: Lenyewe haliwezi kunifuata mimi.

MWAJUMA: Sawa. Sasa na mimi niseme la kwangu kama fundi mitambo. Beka nilimsikiliza hiyo rekodi jana, na mle ndani kuna mivumo miwili, siyo mmoja. Kuna wa friji unaopita hewani, na kuna mwingine unapita kwenye waya, huo hata friji likizima upo. Wengi hamjui mnao upi. Jaribio lake jepesi, vaa hedfoni uchomeke kwenye mashine yenyewe, kama unasikia mvumo basi uko kwenye waya. Af weka rekoda kwenye betri, chomoa kila kinachokula umeme kimoja kimoja, usikilize unakufa wapi. Mara nyingi ni vifaa viwili vimechomekwa soketi mbili tofauti na vimeungana tena kwa waya wa sauti, hapo athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, inapata njia mbili inazunguka. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Na jamani, nawaomba, msikate ule mguu wa juu wa plagi, ule mnene wa athi. Kuna mafundi wanaukata ili mvumo uishe, na kweli unaisha, lakini siku kifaa kikipata hitilafu umeme utapita kwako. Mi nimeshuhudia mtu anarushwa na maiki, jukwaani, bibi harusi yuko mbele yake.

BEKA: Huo wa kwenye waya nitautoa, hilo nakubali. Wa friji siutoi.

MWAJUMA: Ndo hapo sasa.

BEKA: Siutoi dada Mwaju. Kipande nakiachia hivyohivyo.

MWAJUMA: Beka, mdogo wangu, mi miaka 11 nawinda huo mvumo kwenye kumbi. Mia moja, na nduguze wanaopanda juu yake, mia mbili, mia tatu, naijua kama najua sauti za wanangu. Unachosha sikio. Mtu hajui kinachomchosha ni nini, anainuka tu anatoka nje kupunga hewa. Af wewe unataka umwekee dakika 22 kwa hiari yako. Na huyo anayesikiliza ana friji lake kwake! Kwake linavuma, kwenye spika linavuma, yote mia.

BEKA: Kama yuko hapa. Akiwa Marekani umeme wao ni 60, friji lake linavuma 120. Atasikia kabisa hii nyumba siyo kwangu.

MWAJUMA: Atasikia waya mbovu.

BEKA: Atasikia Tandika. Af siyo mia iliyosimama, ndo kitu nilichogundua Jumatano. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, mzigo ukiwa mkubwa, mashine za kuzalisha umeme zinavutwa, ile 50 inashuka kidogo. Ukishika ile noti ya 35 saa moja jioni inaanza kutetema tena polepole sana. Wanaochunguza rekodi za kesi wanatumia mvumo huohuo kujua sauti ilirekodiwa lini! Yaani mji mzima unanigusia pichi, kila mwenye pasi yumo kwenye kipande changu, we unaniambia nikifute?

MWAJUMA: Hilo ni zuri. Kama wazo ni zuri sana. Lakini hukurekodi jioni, umerekodi saa nane usiku.

BEKA: (anacheka) Basi nitarekodi na jioni.

MWAJUMA: Na adhana ya isha itakuwemo na bodaboda zitakuwemo, na hizo sina neno nazo, manake kijana mwanamuziki wa Nairobi, KMRU, rekodi za mitaani anazitumia na anazitumia kwa ufundi. Ila yeye anachagua. Wewe umekuta friji, ukainama.

BEKA: Niseme kitu?

MWAJUMA: Sema.

BEKA: Hilo friji lilinunuliwa nikiwa darasa la 2. Mama alikuwa anauza barafu za ubuyu na ukwaju, zile za kwenye mfuko mwembamba, shuleni kwetu mlangoni. Ada ilitoka mle, daftari zilitoka mle. Na tulikuwa chumba kimoja, friji liko pale kichwani kwangu, nimelala na huo mvumo utoto wangu wote. Likizima usiku nilikuwa nashtuka naamka, manake likizima barafu zinayeyuka na kesho hakuna kitu. Kwa hiyo mi G nimeijua kabla sijajua inaitwa G. Jumanne ilipolingana na mashine, nilikaa pale nalia dada, nakwambia ukweli.

MWAJUMA: ...

BEKA: Ndo hivyo.

MWAJUMA: Nimekusikia. Na mama namheshimu, hilo unalijua. Lakini hiyo haiko kwenye rekodi Beka. Ubuyu hausikiki. Mtu wa mbali anasikia mmmmm, basi.

BEKA: Nitaandika kwenye maelezo.

MWAJUMA: Basi yatakayomgusa ni maelezo, siyo muziki.

BEKA: Sikubali. Mtu akipiga kwa namna ile inasikika. Halim El-Dabh, mtunzi Mmisri, Cairo mwaka 1944, miaka 4 kabla ya wale wa Paris wanaotajwa kila siku kuwa ndo walianza muziki wa sauti zilizorekodiwa, aliazima kwenye kituo cha redio mashine ya kurekodia juu ya waya wa chuma, tepu hakuna, akatoka nayo mtaani akaenda kwenye zaar, wanawake wanapunga mashetani kama wanavyopungwa huku kwetu. Hakukaa studio akitafuta ukimya. Alikwenda kuchukua sauti ya mahali.

MWAJUMA: Na aliporudi studio akafanya nini? Malizia.

BEKA: Akatengeneza.

MWAJUMA: Akatoa! Alichukua sauti za wale wanawake akaondoa ile ya chini, ya msingi, akabakiza zile za juu zinazoelea, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi. Muziki wenyewe ni kile alichokitoa. Angeacha kila kitu ungekuwa ushahidi wa shughuli, siyo muziki wa anga.

BEKA: Asingeenda kule asingekuwa na cha kutoa.

MWAJUMA: Asingetoa tusingekuwa tunamtaja.

BEKA: Mi siutoi.

MWAJUMA: Na mi ukiniletea niumalizie kwenye mixa nitaukata mia, nitakata mia mbili, nakuambia mapema.

BEKA: Basi sikuletei.

MWAJUMA: Usiniletee.

BEKA: ...

MWAJUMA: Saa ngapi hiyo? Mungu wangu, saa tisa na dakika 40. Saa kumi natakiwa Mbagala, kuna kitchen party, mitambo bado iko kwenye gari. Karatasi yangu hii hatujagusa hata moja.

BEKA: Lupu haraka haraka.

MWAJUMA: Haya lupu. Chukua lupu moja ya sekunde 7, nyingine ya sekunde 11, ziache zizunguke zenyewe, hazitaanza pamoja tena mpaka sekunde ya 77, kwa hiyo noti chache tu zinakupa...

BEKA: Friji ni lupu! Kwangu linawaka kama dakika 12 linapumzika kama 20...

MWAJUMA: Beka.

BEKA: Naweka noti nyingine inayorudi kila dakika 9, hazikutani ovyo, nimeshaijaribu.

MWAJUMA: Nimekunja karatasi, mnaisikia? Swali la mashine ya kwanza halijajibiwa na leo halitajibiwa. Viatu vyangu viko wapi.

BEKA: Nyuma ya mlango. Nikuwekee dakika moja usikilize hapa kwenye spika, siyo kwenye simu kama jana?

MWAJUMA: Weka, navaa huku.

(kipande kinasikika)

MWAJUMA: Hiyo ya juu hiyo ni nini?

BEKA: Ipi?

MWAJUMA: Hiyo inayoingia sasa hivi, nyembamba. Kama D, imepanda kidogo. Umeipiga?

BEKA: Sijaipiga. Vidole viko kwenye G tu.

MWAJUMA: Rudisha nyuma.

(kipande kinasikika)

MWAJUMA: Mia tatu. Ni ya friji pia hiyo.

BEKA: Kwa hiyo niiache?

MWAJUMA: Sijasema hivyo. Zima, nachelewa.