Nafasi za Maandishi: Kanuni Inaanzia Wapi, Inaishia Wapi

Mabibi na mabwana, nitazungumzia kanuni moja tu: kigezo 1.4.12 cha WCAG, miongozo ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu; kigezo hicho kinahusu nafasi za maandishi. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walikiingiza katika toleo la 2.1, Juni 2018, wakakiweka ngazi ya AA, ya pili kati ya tatu. Nimekichagua kwa sababu watu wengi hukisoma kinyume, na anayeumia ni msomaji mwenye uoni hafifu au disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi.

Vipimo ni vinne, vyote vikihesabiwa kwa ukubwa wa fonti: kimo cha mstari mara 1.5, nafasi baada ya aya mara 2, kati ya herufi mara 0.12, kati ya maneno mara 0.16. Kwa fonti ya pikseli 16, mstari unafika pikseli 24.

Mtengenezaji wa tovuti akiziona tarakimu hizi, mara nyingi hukimbilia kuzipachika kwenye CSS yake, yaani maagizo ya mwonekano wa ukurasa, akadhani kazi imekwisha. Sivyo. Kigezo hakimwagizi mwenye tovuti apanue maandishi yake. Kinachodai ni kwamba msomaji akiyapanua mwenyewe, kupitia kivinjari chake, pasipotee neno wala kazi yoyote ya ukurasa. Unaweza kubana mistari na ukatimiza kigezo; unaweza kuitanua na bado ukaanguka.

Tuangalie kiungo kilichoandikwa "Endelea na malipo". Msanifu amekipa kisanduku cha upana wa pikseli 150 na kimo cha 32, akaagiza kinachozidi kifichwe. Kwenye skrini yake kinapendeza. Msomaji akishapanua herufi, maneno hayatoshi tena mstari mmoja. "Malipo" linashuka mstari wa pili, na hapo zinachungulia ncha za juu za herufi tu. Anasoma "Endelea na", hajui aendelee na nini, naye yuko kwenye ukurasa wa pesa! Na tiba ni nyepesi mno: badala ya kimo kisichobadilika, weka kimo cha chini kabisa, kisanduku kikue pamoja na maneno.

Sasa mipaka. Kigezo kinashika maudhui yaliyoundwa kwa lugha kama HTML, ile inayojenga kurasa za wavuti, ambayo inakubali kubadilishiwa nafasi hizo. Manukuu yaliyochomwa ndani ya video hayamo. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayamo pia, ila asitokee mtu akageuza maneno yake kuwa picha ili akwepe: atakutana na kigezo 1.4.5, kinachozuia jambo hilo hilo. Lugha isiyotumia mojawapo ya nafasi hizo hupimwa kwa zilizobaki. Kijapani, kwa mfano, kwa kawaida hakiachi nafasi kati ya maneno.

Ubishi mkubwa huwa kwenye vichwa vya habari vinavyokatizwa kwa nukta tatu. Mimi nasimama hapa: ikiwa nukta hizo zinaonyesha kwamba kuna maneno zaidi, na msomaji akibofya anayapata yote, hakuna kilichopotea. Maneno yakikatwa kimyakimya, bila njia ya kuyafikia, ni kosa, hata kama ni neno moja.

Kuna sehemu ya kigezo inayorukwa sana. Inasema nafasi zote nne ziwekwe, na sifa nyingine yoyote ya mtindo isiguswe. Kwa hiyo mpimaji asibadilishe fonti wala asikuze maandishi halafu akailaumu tovuti kwa kigezo hiki. Vilevile asijaribu nafasi moja, akaiondoa, akajaribu nyingine. Kiungo chetu kingeweza kuvumilia mistari iliyopanuliwa peke yake, maana pikseli 24 zinatosha ndani ya 32. Kinachokiangusha ni herufi kusukuma neno chini huku kimo kikiwa kimefungwa, na hilo utaliona wazi ukiziweka zote nne kwa pamoja.