Natembea juu ya mtaa uliozikwa: Tiger Bay, Cardiff

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu mnaonitazama kutoka Lamu, pamoja na nyinyi wa Shela na Matondoni ambao najua husubiri usiku, mtandao utulie, ndipo mzifungue video hizi. Leo nimo Cardiff, mji mkuu wa Wales, katika uwanja mnaouona nyuma yangu, ulioinama katikati kama sinia na kuzungukwa na nguzo ndefu za taa. Unaitwa Roald Dahl Plass. Watu hukaa hapa kula na kupiga picha, na wengi wao hawajui kwamba wamekaa ndani ya gudi la meli. Hapa niliposimama palikuwa maji. Lilikuwa bwawa la kuingilia gudi la Bute la Magharibi, lililofunguliwa mwaka 1839 na kufungwa mwaka 1964, kisha likafukiwa, na mbele yake zikajengwa hizi fahari mnazoziona: jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2004, na kule ukingoni Senedd, bunge la Wales, lililofunguliwa mwaka 2006.

Mtu wa Lamu hapaswi kushangaa sana kuambiwa kwamba nchi kavu ilikuwa bahari. Ngome yetu, ilipomalizika kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa ukingoni mwa maji, na Usita wa Mui tunaopita kila siku na punda wetu ulikuwa ndio ufuo. Maduka na nyumba zilizo kati ya Ngome na bahari zimesimama juu ya kifusi na takataka za wazee wetu. Lakini kwetu mji uliongezwa mbele, na ule wa nyuma ukabaki. Huku ninakotaka kuwapeleka, mtaa mzima wenye watu uliondolewa, na juu yake ukawekwa mtaa mwingine.

Mtaa wenyewe jina lake rasmi ni Butetown, na mabaharia wa dunia nzima waliuita Tiger Bay. Msingi wake ulikuwa makaa ya mawe. Yalichimbwa katika mabonde ya kaskazini, yakateremshwa kwa mfereji na baadaye kwa reli hadi hapa, na kufikia mwaka 1913 zaidi ya tani milioni 10 zilipakiwa katika bandari hii kwa mwaka mmoja tu. Meli za mvuke zilihitaji watu wa kuchochea moto katika matumbo yake, kazi ya joto na vumbi ambayo wengi waliikwepa, na makampuni yakawa yanawaandika watu hao Aden: Wayemeni na Wasomali, watu wa pwani ileile ambayo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu na kaskazi. Wakaja pia watu wa Afrika Magharibi, wa visiwa vya Karibi, Wamalta, Wareno, Wachina, Wanorwe. Wengi walioa wanawake wa Kiwelshi na wa Kiayalandi na hawakuondoka tena.

Sasa nitageuza kamera muone simu yangu. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya leo iliyopigwa kutoka angani, ukaififisha moja na kuiacha nyingine ionekane. Kwa hiyo ninatembea katika miji miwili kwa wakati mmoja. Mguu wangu uko kwenye maegesho ya magari, na ramani inaniambia kwamba nimo sebuleni mwa mtu.

Tuifuate Bute Street, kwa kuwa hii ndiyo iliyobaki mahali pake. Inaenda moja kwa moja kutoka bandarini hadi mjini, kama kilomita moja na nusu, na upande wake wa mashariki kuna ukuta mrefu wa mawe wa reli. Ukuta huo ni wa zamani. Wazee wa hapa wanautambua kama sisi tunavyoutambua ukuta wa Ngome. Upande wa pili, palipokuwa maduka, mikahawa, vinyozi, nyumba za kulaza mabaharia na baa, leo kuna nyumba za matofali zilizoipa barabara migongo. Ukipita saa hizi za alasiri husikii kitu. Mimi nimeipita mara nyingi nikienda kazini, na kwa muda mrefu nilidhani ni barabara ya kupitia tu, isiyokuwa na habari yoyote.

Kwenye ramani hii, tazameni herufi mbili ndogo, P.H. Ndiyo alama ya baa. Hapa ipo moja, kwenye pembe hii nyingine, na mbele kidogo nyingine tena. Karibu kila pembe ya njia ilikuwa na yake. Najua ninazungumza na watu wa mji wa misikiti, na mimi mwenyewe pombe sijawahi kuionja, lakini naomba mnivumilie, kwa sababu bila kuzielewa baa hizi hamtauelewa mtaa huu. Baharia aliyeteremka na mshahara wa miezi mingi mfukoni aliingia baa kwanza. Hapo alipata habari ya meli inayotafuta watu, alipata wa kumwandikia barua, alipata mkopo na alipata ugomvi. Baa moja ilikuwa na vita vingi kiasi kwamba watu waliipa lakabu ya Ndoo ya Damu. Nyingine ilikuwa mahali pa muziki: ilikuwa ikiitwa Quebec, na Vic Parker, mtoto wa mtaa huu, alikuwa akipiga gitaa pale mpaka watu wakawa wanakuja kutoka mbali kumsikiliza. Quebec haipo. Ilikuwako pia klabu ya Casablanca, iliyofunguliwa ndani ya kanisa la zamani la Wabaptisti huko Mount Stuart Square. Kanisa likawa klabu, klabu ikavunjwa, na pakawa mahali pa kuegesha magari.

Ninachotaka mkione ni kwamba baa ilikuwa kwa watu hawa kile ambacho baraza ni kwetu. Baraza haina mlango, hailipishi, na anayepita lazima asalimu. Baa inauza pombe na ina mwenyewe. Hilo nalikubali. Ila kazi ya kuwakalisha watu pamoja, ya kumjua nani karudi na nani kafa maji, ilifanywa hapo. Na kwa wasiokunywa, Waislamu wenzetu, kazi hiyohiyo ilifanywa na mikahawa na nyumba za wageni za Wayemeni na Wasomali, kama ule mkahawa wa Cairo uliokuwa Bute Street, ulioendeshwa na Myemeni na mkewe wa Kiwelshi. Nje ya mtaa huu mtu mweusi hakuwa na uhakika wa kuhudumiwa. Juni 1919 makundi ya watu weupe yaliwaandama watu weusi na Waarabu mitaani mwa Cardiff, na watu watatu wakafa. Mwaka 1925 serikali ilitoa amri ya kuwaandikisha mabaharia wasio weupe kama wageni, hata waliokuwa raia wa dola ya Uingereza, ikiwa hawana karatasi za kuthibitisha. Kwa watu wa namna hiyo, njia nne tano ambazo kila mtu anakujua kwa jina la baba yako zilikuwa kinga.

Nimeingia sasa kushoto. Mahali hapa ramani inaandika Peel Street, na hapa ndipo miguu yangu huwa mizito. Hapa palikuwa na msikiti. Ulipigwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, ukajengwa tena, na watu walisali hapa wakiongozwa na Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi kutoka Yemen, ambaye tariqa yake ilikuwa na zawiya, yaani nyumba ya ibada na mafunzo, katika mtaa huu. Zipo picha za miaka ile, za rangi nyeusi na nyeupe, zinazoonyesha wanaume waliovaa kanzu na watoto waliobeba bendera wakipita katikati ya Butetown siku ya sherehe, na majirani wa Kiwelshi wamesimama milangoni wakiwatazama. Niliziona mara ya kwanza nikamwonyesha mama kwa simu, naye aliniuliza hii zefe, yaani maandamano ya sherehe, ni ya mwaka gani na kwa nini watu wamevaa makoti. Alidhani ni Maulidi yetu.

Mtaa ulipojengwa upya, Peel Street ilitoweka na msikiti wake pia. Leo tunasali Alice Street, hatua chache kutoka hapa, katika msikiti wenye kuba. Mzee mmoja wa Kisomali wa pale msikitini, ambaye alizaliwa katika njia hizi, ndiye aliyenileta mahali hapa na kunionyesha kwa bakora yake: huku mlango, huku mahali pa kutawadhia, huku nyumba ya mama mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa akiwapa watoto mkate wakitoka chuoni, yaani madrasa. Nilimwuliza alijuaje, maana hapakuwa na hata jiwe. Akaniambia kwamba anahesabu hatua kutoka kwenye ukuta wa reli.

Tukipanda kidogo tunafika Loudoun Square. Zamani ilikuwa bustani ya miti iliyozungukwa na nyumba za ghorofa za manahodha na wafanyabiashara. Matajiri walipohama, nyumba zikagawanywa vyumba na kujaa familia. Leo mnaona minara miwili ya ghorofa 16 kila mmoja. Lazima niwe mwadilifu hapa. Nyumba zile zilikuwa na unyevu, watu walibanana, vyoo vilikuwa nje, na wapo waliofurahi kweli kupata bomba la maji ya moto na dirisha lenye jua. Baraza la mji halikukosea kusema kwamba watu walistahili nyumba bora. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba nyumba ikiwa mbovu basi na njia iliyo mbele yake ni mbovu. Katika miaka ya 1960 walivunja vyote viwili. Wangeweza kujenga upya juu ya msingi wa njia zilezile, pembe zikabaki pembe, jirani akabaki jirani. Badala yake njia zilikatwa zikawa vipande visivyopenya, wengi wakapelekwa mitaa ya pembezoni, na baa zikafungwa moja baada ya moja kwa kukosa watu wa kupita.

Kisha mwaka 1987 likaundwa shirika la maendeleo la Cardiff Bay, lililofanya kazi hadi mwaka 2000, na ndilo lililoleta sura hii mpya ya bandari. Kazi yake kubwa kuliko zote ni ukuta wa kuzuia bahari, wenye urefu wa kilomita 1.1, uliokamilika mwaka 1999. Pwani hii maji hupwa na kujaa kwa kiasi ambacho sisi hatujakiona: siku za bamvua tofauti hupita mita 12. Tope lilikuwa likifunuka, ndege wakashuka kula, mashua zikalala ubavu. Ukuta ulipofungwa, maji ya mito ya Taff na Ely yakajaa nyuma yake yakawa ziwa la hekta 200, na maji hayapwi tena. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo mtu huuliza maji yakoje kabla ya kupanga safari, jambo hili limenigusa kuliko yote. Wameufukia mtaa, na saa yake wameisimamisha.

Watu wa hapa hawakukaa kimya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wenyeji na wasomi walianza kukusanya picha na kurekodi sauti za wazee wa Butetown, nani aliishi mlango gani, nani alikuwa na duka gani, na kwa sababu ya kazi hiyo mimi, mgeni wa juzi, naweza kuwaeleza haya. Walianza wakati nyumba zilikwisha kuvunjwa. Walikuwa wakimfanyia kazi ya kumbukumbu mtu aliyekwisha kuzikwa.

Sisi nyumba zetu bado zimesimama. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na orodha hiyo inalinda kuta za matumbawe, milango ya nakshi na vidaka. Nani anayalinda majina ya sita zetu, yaani vichochoro vya mji? Bandari mpya imekuja Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wavuvi wetu wana majina ya kila mwamba na kila mkondo hadi Mkanda, majina ambayo sijayaona katika ramani yoyote ya mradi. Katika mitaa yetu ya Mkomani na Langoni nyumba zinauzwa, zinapewa majina mapya ya hoteli, na mtoto aliyezaliwa mwaka huu atalijua lile la hoteli peke yake.

Yule mzee wa Alice Street amenikubalia kwamba Ijumaa ijayo baada ya swala tutatembea pamoja kutoka ukuta wa reli hadi Loudoun Square, naye atataja kila mlango anaoukumbuka nami nitarekodi. Nataka siku hiyohiyo niwe na orodha ya upande wetu. Shangazi yangu wa Mkomani, najua unanitazama, na miguu haikuruhusu kutoka, basi hakuna haja ya kutoka. Kaa hapo barazani, mwambie mwanao awashe simu, uanze na ile nyumba ya pembeni penye wikio, kile chumba kilichovuka juu ya njia, jina lake la zamani na watu waliokaa ndani yake, kisha ushuke nyumba moja moja mpaka pwani.