Kuingiza Ramani za Dodoma kwenye PostGIS: Mkoa Uliokatwa na Digrii ya 36

Ndugu washiriki, habari za asubuhi. Mada yetu leo ni kuhamisha mafaili ya ramani, hasa shepufaili, kutoka kwenye folda zetu kwenda kwenye PostGIS, yaani hifadhidata ya PostgreSQL iliyoongezewa uwezo wa kuhifadhi ramani, kwa kutumia programu ya ramani ya QGIS. Kubofya kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Data huharibika kabla ya hapo, mtu anapojaza namba asiyojua maana yake, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa sana.

Shepufaili ni kundi la mafaili. Kuna .shp yenye maumbo, .shx inayoonyesha kila umbo linaanzia wapi, .dbf yenye jedwali la taarifa, na .prj inayotaja mfumo wa majira-nukta, yaani namba zinazoonyesha kila nukta iko wapi duniani. Mtu akikutumia .shp peke yake kwa WhatsApp, amekutumia maumbo yasiyo na majina. Mwombe azifunge zote kwenye zipu moja. Ikikosekana .prj ramani bado itafunguka, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tufike kwenye majira-nukta. UTM, mfumo wa majira-nukta unaohesabu kwa mita, umegawa dunia katika kanda za upana wa digrii sita. Kanda ya 36 inaishia digrii 36 mashariki, na ya 37 inaanzia hapohapo. Mstari huo unapita ndani ya mkoa wetu, takriban kilomita 30 mashariki ya katikati ya jiji. Dodoma mjini, Bahi na Kondoa mjini ziko kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa mjini ziko kanda ya 37. Kwa hiyo mafaili mawili ya visima ya mkoa mmoja, yote yakiwa sahihi, yanaweza kuwa na namba zisizofanana hata kidogo.

Shikeni namba za katikati ya jiji katika kanda ya 36 kusini: mashariki 803,000 hivi, kaskazini 9,317,000 hivi. Faili la jiji likionyesha namba za aina hiyo nawe ukaliambia ni kanda ya 37, kata zako zitasogea digrii sita mashariki na kuangukia Bahari ya Hindi. Ukikosea kinyume chake, visima vya Mpwapwa vitatua Katavi, upande wa Ziwa Tanganyika. Kosa hili nalionea afadhali, kwa sababu linaonekana ukifungua tu ramani.

Kosa linaloumiza ni la mita 300. Ramani za zamani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho majira-nukta hupimiwa juu yake, wakati GPS ya mkononi na simu hutoa WGS 84. Tofauti ya misingi hii miwili kwa hapa kwetu ni takriban mita 300. Kisima kitabaki Bahi, barabara itabaki na umbo lake, hakuna atakayeshtuka. Lakini kisima kimevuka korongo na pengine kimeingia kijiji kingine. Namba za mifumo ni hizi, ziandikeni: WGS 84 kanda ya 36 kusini ni 32736, kanda ya 37 ni 32737. Arc 1960 kanda ya 36 kusini ni 21036, kanda ya 37 ni 21037. Namba hizo PostGIS huziita SRID.

Faili lisilo na .prj lifungueni kwanza QGIS juu ya picha ya satelaiti. Lipeni 32736, mtazame makutano ya barabara au kona ya bwawa. Likikaa pembeni kwa mita mia kadhaa, jaribuni 21036. Likilingana, mmepata jibu kwa ushahidi. Msikisie.

Sasa hifadhidata ihifadhi kwa mfumo gani? Kwa mkoa mzima ushauri wangu ni 32736, kila kitu, pamoja na Kongwa na Mpwapwa. Gharama yake inajulikana: ukifika Mpwapwa, nje ya kanda, urefu unazidi kwa mita 1.4 hivi kwa kila kilomita. Kwa kupanga vituo vya maji au shule hilo linavumilika. Kwa eneo la kiwanja halivumiliki, kwani ni karibu mita za mraba 29 kwa hekta. Hesabu za viwanja vya huko zifanyeni kwa 32737.

Hatua zenyewe. Kwenye hifadhidata mpya endesha CREATE EXTENSION postgis; maana bila amri hiyo PostgreSQL haijui umbo ni nini. Tengeneza skima zako, yaani vyumba vya kupangia majedwali, kwa mfano mipaka na maji, usirundike kila kitu kwenye public. Katika QGIS, kwenye paneli ya kivinjari, bofya PostgreSQL kwa kitufe cha kulia, fungua muunganisho mpya: anwani ya seva, mlango 5432, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Ujaribu kabla ya kuuhifadhi.

Kisha nenda menyu ya hifadhidata, fungua DB Manager, chagua muunganisho na skima, bofya kitufe cha kuingiza tabaka. Jina la jedwali liwe herufi ndogo bila nafasi. Ufunguo mkuu, yaani safuwima inayotambulisha kila safumlalo, uite id, safuwima ya umbo iite geom. Weka alama kwenye kisanduku cha kugeuza majina ya safuwima kuwa herufi ndogo, la sivyo jina lenye herufi kubwa utalifungia alama za nukuu katika kila amri utakayoandika. Weka alama pia kwenye faharasa ya kijiografia, inayoharakisha utafutaji wa maumbo.

Hapo kuna visanduku viwili vya SRID na watu huvichanganya. Cha chanzo kinasema namba zilizomo ni za mfumo gani, na hakibadilishi kitu. Cha lengo ndicho kinachokokotoa upya. Ndivyo ilivyo pia kwa amri: ST_SetSRID hubandika lebo, ST_Transform huhamisha majira-nukta. Ukibandika lebo ya 32736 kwenye data ya 21036, umeyafunga yale makosa ya mita 300 ndani ya hifadhidata. Data ya Arc 1960 igeuzeni ndani ya QGIS kabla ya kuiingiza. Ikileta orodha ya njia za kugeuza, chagueni iliyotajwa kuwa ya Tanzania.

Yako mengine yanayokwama. Ukiona ujumbe kwamba MultiPolygon hailingani na Polygon, jua kuna kata au kijiji chenye vipande viwili. Shepufaili haitofautishi, PostGIS inatofautisha. Acha jedwali liwe la vipande vingi.

Majina ya safuwima kwenye shepufaili yanaishia herufi 10, na Kiswahili chetu kinaumia hapa. "idadi_ya_wanaume" inabaki "idadi_ya_w", na "idadi_ya_wanawake" nayo vilevile, kwa hiyo programu huigeuza ya pili kuwa "idadi_ya_1". Baada ya miezi sita nani atakumbuka ipi ni ipi? Andikeni "wanaume" na "wanawake", au tumieni GeoPackage, aina nyingine ya faili la ramani, isiyo na kikomo hicho.

Na ritifaa. Tuna Chang'ombe, tuna Ng'hong'onha. Anayechapa kwenye Word hupata ritifaa iliyopinda, anayechapa kwenye QGIS hupata iliyonyooka, na kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Ukiunganisha kata na takwimu za Sensa ya 2022, kata hizo zitatoka tupu. Ukiona â€™ katikati ya jina, umechagua usimbaji wa herufi usio sahihi: futa jedwali, ingiza tena kwa UTF-8. Kisha sawazisha: UPDATE mipaka.kata SET jina = replace(jina, chr(8217), chr(39)); Na unapotafuta, ritifaa huandikwa mara mbili: WHERE jina = 'Ng''hong''onha'.

Baada ya kuingiza, linganisheni idadi ya safumlalo na ya faili la awali. Tafuteni maumbo mabovu kwa ST_IsValid, yarekebisheni kwa ST_MakeValid, ila lifungieni jibu ndani ya ST_Multi(ST_CollectionExtract(ST_MakeValid(geom), 3)), kwani likirudi na mistari ndani yake, safuwima italikataa. Malizeni kwa VACUUM ANALYZE, amri inayosafisha jedwali na kusasisha takwimu zake.

Kabla ya mapumziko, kila mmoja afungue folda ya ramani aliyokuja nayo na aorodheshe shepufaili zisizo na .prj. Mchana tutaanza na hizo.