Lundby: Gobore Mbele ya Bunduki ya Sindano

Ndugu zangu, vita vya Denmark na Prusia, ufalme wa Kijerumani, vya mwaka 1864 husimuliwa zaidi kwa ngome za Dybbøl, zilizotekwa 18 Aprili. Leo niwapeleke mahali padogo: kijiji cha Lundby, kaskazini mwa Jutland, rasi ya Denmark, asubuhi na mapema ya 3 Julai.

Luteni Kanali Beck alikuwa na Wadenmark wapatao 180. Kijijini mlikuwa na Waprusia kama 124, wamejibanza nyuma ya tuta la udongo. Kwa hesabu ya vichwa, Beck alikuwa mbele.

Lakini itazameni mikono ya askari. Mdenmark ana gobore. Anachana karatasi iliyofungiwa baruti na risasi, anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki, anaurudisha mdeki mahali pake, anapachika fataki, ndipo alenge. Yote hayo amesimama, kifua wazi. Mprusia ana bunduki ya Dreyse, ile ya sindano: hujazwa kwa nyuma, na sindano ndiyo huiwasha risasi. Anavuta komeo, anatia risasi, anafunga, anafyatua. Kalala chini. Mdenmark akipiga moja, yeye keshapiga tatu au zaidi.

Beck aliamuru washambulie kwa singe, kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Safu ikateremka kilima, watu wamebanana bega kwa bega, shambani pasipo hata kichaka cha kujifichia. Tusimwite mwendawazimu: katika vita vya 1848 hadi 1850 jeshi lake lilijifunza kuiamini singe. Waprusia wakanyamaza, wakawaacha wasogee. Kisha wakapiga kwa pamoja, wakarudia, wakarudia tena. Katika msongamano ule risasi iliyomkosa wa mbele ilimpata wa nyuma.

Wadenmark 32 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa, wengine wakatekwa. Waprusia walijeruhiwa watatu tu, hakufa hata mmoja.

Huwa naumia nikisikia kwamba Denmark ilishindwa kwa kukosa ujasiri. Vijana wale waliuona moto ukiwaka tutani, wakaendelea kuuteremkia. Kilichowaua ni amri iliyopitwa na wakati.

Na mwaka ule Austria ilipigana bega kwa bega na Prusia, ikaiona bunduki ile kwa macho yake. Miaka miwili baadaye wakagombana. Huko Königgrätz, katika Ucheki ya leo, Waaustria wakaja na magobore na singe, wamebanana vilevile. Ilikuwa 3 Julai 1866.