Ufuko wa Ziwa Kivu: nani anafika majini?

Wazazi wetu, ndugu na dada, wanafunzi, asanteni kwa kufika. Mliniomba niongee juu ya matembezi ya kando ya ziwa hapa Goma. Nitaongea kwa furaha, maana Ziwa Kivu nalipenda. Ila sitalisifu nikiwa upande mmoja tu wa ukuta.

Uzuri wake kwanza. Nendeni asubuhi, mkae kimya juu ya mawe meusi ya volkano. Mtamwona mdiria, yule mweupe mwenye madoa meusi, anasimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa majini kichwa mbele. Mnandi naye anatandaza mabawa yake juani yakauke. Mwenye uwezo wa kuvuka avuke mpaka Tchegera, kisiwa kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga. Ni ukingo wa kreta ya zamani, umepinda kama mwezi mchanga. Usiku, mawingu yakifunguka, anga juu ya volkano ya Nyiragongo hung'aa nyekundu.

Na sambaza! Watoto wengi wa Goma wanadhani samaki huyu alikuwa hapa tangu zamani. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Leo ndiye mboga ya nyumba nyingi. Wavuvi wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanawasha taa, wanapiga kasia huku wakiimba. Lakini sambaza wadogo wanakulia karibu na ufuko, katika maji ya kina kifupi. Anayekokota chandarua cha mbu pale ukingoni anabeba wale ambao wangevuliwa wakubwa baadaye. Simlaumu mama mwenye njaa. Nataka tu tujue ufuko ni mahali pa kulelea samaki, kabla haujawa mahali pa kupiga picha.

Sasa ukuta. Tembeeni mtaa wa Himbi kutafuta maji mtaona: parseli, yaani kiwanja cha mtu, ukuta, geti, hoteli, tena ukuta. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inaweka kitanda cha ziwa katika mali ya umma. Kwenye karatasi ziwa ni letu sote. Kwa miguu, mtu wa mitaa ya mbali na ufuko, kama Majengo au Ndosho, analifikia kwa nafasi chache tu, na iliyo maarufu kuliko zote ni Kituku.

Pale Kituku mambo yote yanakutana. Boti zinashusha mizigo ya Minova na ya kisiwa cha Idjwi, kuna soko, kuna wanaofua nguo, kuna watoto wanaooga. Hapohapo mama anajaza bido, yaani madumu, za maji ya kunywa, na chukudu, ile baiskeli ya mbao, inasubiri kuzipandisha mjini. Goma imejengwa juu ya lava yenye matundu. Mvua inapotea chini, hakuna mto unaokatisha katikati ya mji, kwa hiyo tunalitegemea ziwa. Na mwamba huohuo hauchuji vizuri uchafu wa vyoo unaoteremka kuelekea majini. Julai 1994, watu karibu milioni moja walipovuka mpaka kutoka Rwanda, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika wiki chache. Mpaka leo ugonjwa huo unaturudia. Anayeogelea Jumapili kwenye plaji nzuri na anayechota Kituku wanagusa ziwa moja. Tofauti ni kwamba mmoja amechagua kuingia, mwingine hana bomba nyumbani.

Hapo hapo Kituku, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu ifike. Watu walikuwa wanatazama kutoka ufukweni. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Minova inayopita Sake, ndiyo maana abiria walikuwa wengi vile majini. Niliwaza siku nyingi juu ya jile za kuokoa, yale makoti ya kuelea majini, kitu kidogo hivyo, na sijaacha kuwaza.

Jambo la mwisho ni la kuokoa maisha, nawaomba mlishike. Upande wa magharibi, kuelekea Keshero, Bulengo na Lac Vert, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inalala kwenye mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima akisimama anaweza asisikie kitu, na mtoto au mbuzi wa pembeni yake akaanguka. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilijaa upande huohuo, familia zimelala chini kabisa, juu ya lava. Ukienda kutembea huko, usishuke shimoni kufuata nyasi nzuri, usilaze mtoto mahali palipobonyea, na ukikuta ndege au panya wamekufa pamoja, panda juu haraka. Ukimwona mtu ameanguka ndani, usimkimbilie peke yako. Wengi wamekufa wakiwaokoa wenzao.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Tembeeni kwa miguu kutoka mpaka wa Gisenyi hadi Nzulo, muandike kila njia ambayo mtu asiye na pesa anaweza kupita akafika majini: ina upana gani, imefungwa lini, nani anaitumia, uchafu unaanguka wapi, mazuku iko wapi. Chora ramani, bandika nakala kwenye ofisi ya kila kata, na nyingine mumpe mkuu wa mji mkononi. Wazee wa Kituku wanakumbuka njia zilizokuwapo kabla ya kuta. Anzeni kwao, wiki hii.