Mstari Wima Hauna Slopu, Acheni Kuandika Sifuri

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo. Walionisikia miaka iliyopita wanajua naanzia wapi, naanza na sifuri.

Juzi nimesahihisha madaftari, mstari ni x = 4, huo ni wima, swali linataka slopu, yaani kwenda juu gawa kwa kwenda pembeni, mtoto kaandika sifuri, na si mmoja. Namwita, namuuliza imekuwaje, ananiambia "mwalimu si kwenda pembeni ni sifuri?" Yaani sifuri kaiona, halafu kaibeba yenyewe ndo jibu! Sifuri ni slopu ya sakafu jamani, maji ya Mikindani yakitulia asubuhi ndo sifuri hiyo. Ukuta unausemaje sifuri?

Sasa twende kwenye mnazi. Chagua ulionyooka, najua huku mingi imelala. Funga kamba juu mita 3 kutoka chini, upande wa kushoto piga kigingi mita 1 kutoka kwenye shina, vuta kamba ikaze. Slopu ya kamba ni 3 gawa kwa 1, ni 3. Hamisha kigingi kiwe nusu mita, slopu 6. Kiwe sentimita 10, slopu 30. Sentimita 1, tayari 300, kamba karibu inalalia shina. Haya, kigingi kimefika shinani kabisa, kamba imesimama wima, ni 3 gawa kwa sifuri. Nipeni namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata 3. Nasubiri. Hakuna, na haitapatikana hata tukikesha hapa, ndo maana tunasema slopu haipo.

Kuna mjuaji hapo anasema moyoni basi tuandike infiniti, yaani kubwa isiyo na mwisho, si inazidi kukua? Hapana bwana. Hamishia kigingi upande wa kulia wa mnazi uleule uanze upya, sasa kamba inashuka ukienda kulia, unapata hasi 3, hasi 6, hasi 30, hasi 300. Huku inapaa, kule inazama, na mnazi ni mmoja, sasa utachagua ipi? Hapo ndo nataka mtoto afike, ajue kwa nini haipo, siyo akariri "haipo" kama kasuku halafu wiki ijayo karudi kwenye sifuri.

Na mstari wima tunao hapahapa kwetu. Longitudo 40 mashariki inapita katikati ya Lindi mjini na Mtwara mjini, ukisafiri kati ya miji hiyo miwili lazima uivuke. Kwenye ramani iliyochorwa longitudo zimenyooka, ikweta iwe mhimili wa x, mstari wa Greenwich, yaani longitudo 0, uwe mhimili wa y, basi huo ni x = 40. Panda shuka utakavyo, 40 haibadiliki. Ikweta unaikata mara moja tu, huko Kenya, kwenye 40. Greenwich hauigusi. Mwalimu wa jiografia naona unatikisa kichwa, ndiyo, kwenye tufe zinakutana kwenye ncha, mi naongelea karatasi bapa.

Muda umeniishia, y = mx + c nilitaka niikalie vizuri ila kwa haraka, mstari wima hauingii humo maana m ndo slopu, na hiyo m haipo, andika x = namba yake basi. Na x = 0 uangalieni, huo ndo mhimili wa y wenyewe, kwa hiyo ukisema mstari wima haugusi mhimili wa y, huo mmoja uutoe.

Haya mama pale nyuma, uliza.