Kuwinda kwa Masikio: Usiku wa Mbwa na Rakuni Huku Kentucky

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo kabla ya maneno, ongezeni sauti ya simu kidogo, msikilize hii.

Mmesikia? Hao ni mbwa wawili, wako mbali bondeni, na mimi nimekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, kiza totoro. Wale mlioona kipande kifupi nilichorusha juzi mkaniandikia "toka huko, utaliwa", punguzeni presha. Hakuna wa kuliwa. Ni uwindaji wa rakuni, na wapo watu huku Kentucky ukiwapa tiketi ya mpira wa kikapu na usiku mmoja wa namna hii wachague, watachukua usiku. Na mnajua Kentucky na mpira wa kikapu walivyo.

Kwa wageni wa chaneli, mimi niko Bowling Green, kusini mwa jimbo, mji wenye Wakongo na Warundi wa kutosha hata Kiswahili unakisikia ukiwa kwenye foleni dukani. Rakuni ni mnyama wa Amerika. Mkubwa kuliko paka, wengi wao kilo 4 mpaka 9, manyoya ya kijivu, mkia una pete nyeusi, na machoni ana utepe mweusi, ukimwona tu unasema huyu katoka kuiba. Na kweli anaiba. Mahindi mabichi, mayai, vifaranga, pipa la taka. Vidole vyake vya mbele ni hodari mno: anafungua komeo la banda, anapapasa chini ya mawe ya kijito akitafuta kamba bila hata kuangalia. Mchana analala ndani ya tundu la mti, zamu yake ni usiku. Basi na anayemtaka lazima afanye kazi zamu hiyo hiyo.

Aliyenichukua ni mzee mmoja tunayefanya naye kazi, Mmarekani mweusi, mtu wa vijiji vya huku. Uso wake hamtauona, hakutaka, na mimi nimemuahidi. Mbwa ruhusa. Huyu jike mwenye madoadoa, ambaye kwa mbali rangi yake unaiona buluu, ni Bluetick, anaitwa Sadie. Yule dume mwenye mabaka meupe, meusi na kahawia ni Treeing Walker, anaitwa Hank. Aina zinazotambulika za mbwa hawa wa kuwindia rakuni ziko sita, na tano kati ya hizo asili yao kubwa ni mbwa wa kuwindia mbweha waliotoka Uingereza. Ya sita, Plott, ndiyo iliyoletwa na Wajerumani mpaka milima ya North Carolina. Aina hii ya Walker imekuzwa hapa hapa Kentucky, kwa hiyo mzee akimtaja Hank anainua kidevu.

Sasa utaratibu. Anafungua kizimba nyuma ya gari, anawavalisha kola zenye mitambo ya satelaiti, anawaachia. Wanapotea. Hakuna kuwafuata, hakuna kupiga kelele. Anazima taa, anakaa. Mkononi ana kifaa chenye kioo kinachomwonyesha kila mbwa yuko wapi, lakini nilimtazama, hata hakiangalii. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hicho kinamwambia mbwa yuko wapi, hakimwambii anafanya nini.

Tukakaa. Vyura tu. Halafu Sadie akafungua mdomo.

Akiwa anafuata nyayo, Sadie anatoa sauti moja ndefu, nzito, inapanda halafu inateremka taratibu, kama honi ya boti la Pemba linaloingia bandari ya Malindi, Unguja. Hank sauti yake fupi, kavu. Na mzee anaanza kunisimulia, macho kafumba: hapo harufu ni ya zamani, rakuni kapita jioni, ndiyo maana Sadie anabweka mara moja halafu kimya kirefu. Sasa kaipata mbichi, sikia anavyoharakisha. Sasa wamevuka shamba la mahindi. Sasa wako chini kijitoni, sauti imeingia bondeni. Mimi nasikia mbwa tu, yeye anaona njia nzima.

Kisha wakanyamaza wote wawili, na mzee akainuka akasimama. Rakuni anazo hila zake. Anaingia majini akatembea humo harufu ikakatika. Anapita juu ya uzio. Au anaparamia mti kidogo, anarukia pembeni, anaendelea na safari yake, mbwa mjinga akifika anabaki anaubwekea mti mtupu mpaka asubuhi. Mbwa hodari anauzunguka ule mti kwanza, ahakikishe hakuna harufu inayotoka upande wa pili. Ndicho Sadie alichokuwa anakifanya pale kwenye kimya, kwa maelezo ya mzee.

Halafu hii hapa, nairudia tena muisikie. Moja ndefu kuliko zote... na baada yake, bwe, bwe, bwe, bwe, haikati, haipumziki. Hapo amebadilisha. Rakuni yuko juu, mbwa yuko chini, na hataondoka mpaka mwenyewe afike. Mzee akasema neno moja tu, "Huyo", akawasha taa ya kichwani.

Njia yenyewe sikurekodi, mikono ilikuwa na kazi. Waya wa seng'enge, matope, kijito cha maji ya baridi hasa, matawi yanakupiga usoni. Tulipofika, Sadie kasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele kaiweka kwenye shina la mwaloni, shingo kainyoosha juu, mate yanamtoka, na gamba la mti limechubuka pale kucha zake zinapokwaruza. Hapa ndipo mtakaponiuliza, najua. Ndiyo, mate yalinirukia suruali. Nguo zile nilizitenga, zikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Tuendelee.

Mzee akauzunguka mti akimulika tawi kwa tawi. Hakuna kitu. Akatoa kifilimbi kidogo mfukoni, akakitia mdomoni, ikatoka sauti mbaya ya rakuni wawili wanaogombana. Kule juu kabisa, penye panda, yakageuka macho mawili, kijani cha kuelekea manjano. Alikuwa kajibana na shina, mkono mmoja kashika tawi, anatutazama kwa subira kubwa kutushinda sisi.

Bunduki ilikuwepo, ile ndogo ya risasi nyembamba, na ilibaki begani. Mzee akawapiga mbwa mapajani kwa upole, akawasifu kwa majina, akawafunga kamba, akawavuta. Tukaondoka, rakuni tukamwacha na mwaloni wake.

Mtasema basi mmekwenda kufanya nini? Ndiyo hoja yangu ya leo. Wakati fulani manyoya haya yalikuwa fedha. Miaka ya 1920 vijana wa vyuo vikuu Marekani walikuwa wakitembea na makoti marefu ya rakuni, na miaka ya 1970 ngozi zilipanda bei tena. Siku hizi bei imelala, haifidii hata mafuta ya gari. Wapo wanaompiga na kumla, na kwenye mashamba ya mahindi wenye shamba wanaomba apigwe. Lakini wengi wa hawa wazee wanachokifuata ni ile sauti. Wanatoka usiku wa manane kusikiliza mbwa wao akifikiri kwa sauti. Mimi naona ni uwindaji wa masikio, na rakuni ni kisingizio.

Nilikuwa nikiwafikiria wasasi wetu wa kusini Unguja. Kule kwetu sasi ni kazi ya mchana, watu kundi zima, mbwa na wenyewe wanakimbia pamoja, na nguruwe aliyekula mihogo ya watu lazima alipe. Huku mtu kakaa, mbwa ndiye anayekwenda, anaamua peke yake gizani.

Jambo hili lina upande wake mzito pia, na mzee hakunificha. Babu zake walikuwa watumwa. Mchana wote ulikuwa wa bwana, saa za mtumwa zilikuwa usiku, na usiku huo ndipo wengi walipotoka na mbwa kutafuta rakuni wa kutia chunguni, maana posho waliyopewa haikutosha. Na mbwa wa kunusa ndio hao hao waliotumiwa kuwasaka waliotoroka. Huku Kentucky mto Ohio ndio uliokuwa mpaka, ukivuka umefika jimbo lisilo na utumwa. Mtu anakimbilia mtoni, nyuma yake anasikia sauti za mbwa. Mzee alipomaliza kunieleza hilo akanyamaza, kisha akasema familia yao wamefuga mbwa vizazi vyote hivyo, kwa sababu mbwa hana kosa. Na mama, najua unaangalia: tulikuwa kwenye ardhi ya jirani yake anayemjua, na ruhusa tulikuwa nayo. Mtu mweusi hatembei ovyo kwenye mashamba ya watu huku usiku, hilo silihitaji kufundishwa.

Kuna na mashindano, haya ni balaa. Mbwa mpaka wanne wanaachiwa pamoja, kila mmoja na mtu wake, kwa muda uliopangwa, na ni marufuku kuua. Mtu anapata pointi kwa masikio. Ukisikia mbwa wako amepata nyayo unamtangaza: wa kwanza 100, wa pili 75, halafu 50, halafu 25. Akisema mtini unatangaza tena, wa kwanza 125. Mnakwenda, mnamulika. Rakuni akionekana, pointi zako. Mti mtupu, zinageuka za hasara. Sasa fikirini, mbwa wanne wanabweka mara moja, kwenye kiza, mbali, na wewe umtambue wako na ujue anamaanisha nini kabla jirani hajawahi. Mbwa aliyefunzwa vizuri anauzwa maelfu ya dola, na hapo utaelewa kwa nini watu wanagombana mpaka alfajiri.

Kusini zaidi, kaunti ya Colbert huko Alabama, wana makaburi ya mbwa hawa. Mtu mmoja, Key Underwood, alimzika mbwa wake Troop pale tarehe 4 Septemba 1937, kwenye kambi waliyozoea kuwindia, na wenzake wakafuata. Leo ni mamia. Hazikwi mbwa yeyote, lazima awe wa rakuni hasa, na awepo shahidi wa kusema kweli alikuwa mwindaji. Nikipata nafasi nitakwenda, video mtaiona.

Na kituko: mwaka 1926 rais Calvin Coolidge aliletewa rakuni hai kutoka Mississippi, wamchinje kwa chakula cha siku ya Shukrani. Hakumchinja. Akamfuga Ikulu, akamwita Rebecca.

Kwa mnaotaka kujaribu mkiwa huku: leseni ya uwindaji kwanza, ruhusa ya mwenye ardhi pili, na masuala ya silaha yaulizeni kulingana na viza zenu, msisikilize mtu wa YouTube, hata mimi. Mbwa wawe wamechanjwa, maana majimbo ya mashariki rakuni wanabeba kichaa cha mbwa, mpaka serikali inawadondoshea chanjo kwa ndege, imefichwa ndani ya chambo. Ukimkuta mchana anayumbayumba, mpishe.

Wa Ujerumani msijione mko mbali. Rakuni waliachiwa huko karibu na ziwa la Edersee mwaka 1934, na mjini Kassel sasa wanalala kwenye mapaa ya watu. Rashid uko huko, turekodie.

Na kama kuna msasi wa Makunduchi anaangalia, niandikie hapo chini: mbwa wenu mnawatambua kwa sauti, au lazima mwaone? Wiki ijayo nazungumzia kodi za nyumba, wengi mmeuliza. Tuonane.